Mpira wa Mikono kwenye Foleni ya Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile nilipomwita msichana wa watu kwa jina ambalo halikuwa lake tena. Nilimwita mbele ya umati, kwa sauti kubwa, na kwa neno hilo moja nikakaribia kupoteza kitu cha pekee nilichovuka nacho Ruvuma kikiwa kizima. Nakusimulia wewe kwa kuwa nasikia unakwenda kuanzisha jambo jipya kwenye nchi ya wenyewe. Mimi nimepita huko, na visiki vyake navijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulikuwa tumekimbia vita kwetu Msumbiji, mimi na mama, tukafikia Newala kwa kaka yake mama. Wamakonde wa ng'ambo na wa huku ni ndugu, ingawa hawaachi kuchekana lafudhi. Mama alikuja na kanga na sufuria moja. Mimi nilikuja na mchezo. Mpira wa mikono nilifundishwa na dada yangu Rosa, tukiwa shule kule kwetu. Rosa hakuvuka. Hatukupata kujua lililomfika, na mpaka leo nikimwona msichana anaruka kurusha mpira golini, moyo wangu humtafuta yeye. Kwa hiyo usidhani nilikuwa natafuta sifa. Nilikuwa naogopa kwamba mchezo ule ukifa mikononi mwangu, na dada yangu atakuwa amekufa kweli.

Newala hapakuwa na aliyeujua. Wanaume walikuwa na kandanda yao, wasichana walikuwa na mpira wa pete, basi. Mjomba alinicheka mpaka akafuta machozi.

"Mpira ukiushika kwa mkono refa anapuliza filimbi," alisema, "wewe unatuambia huo ndio ufundi?"

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wafanyabiashara wameanza kuleta walichotaka: mitumba, redio, ndoo za plastiki za kila rangi. Watu wakasema huyu naye kaleta mtumba wake. Mgeni hachoki kuchekwa. Nikafunga matambara, nikayazungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikapata mpira. Mianzi ikawa magoli. Duara la mbele ya goli nikalichora kwa majivu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na wasichana tisa, na nikawa najiona mtu.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia, mwanangu. Nilikuwa mkali. Akichelewa mtu namzungusha uwanja mara kumi, wala simwulizi kwa nini. Walichelewa kwa sababu ya maji. Siku hizo maji yetu yalikuwa bondeni, unashuka mteremko mrefu, unapanga foleni, kisha unapanda na ndoo kichwani. Mimi sikuwa nateka. Mama na mke wa mjomba walinihurumia wakisema mwalimu amechoka. Asiyeubeba mzigo huuona mwepesi.

Kati ya wale tisa alikuwepo mmoja akiitwa Sikuzani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu ambayo sikuiona hata kwa Rosa. Mwezi wa sita, mavuno yamekwisha, akaingia unyagoni, na alipotoka alitoka na jina jipya, Mwanaidi. Desturi hiyo huku ni nzito. Jina la utoto linaachwa kulekule, na kumwita mtu nalo baada ya hapo ni kumwambia hadharani kwamba hajakua, kwamba waliomfunda walifanya kazi bure. Nami niliyajua hayo. Nilipita unyagoni kwetu, nina jina la utoto, na wewe hujawahi kunisikia nikilitaja. Ila kwenye daftari langu la timu sikulibadilisha jina lake. Nilijiambia uwanja ni uwanja, mila zibaki nyumbani.

Basi ikafika siku ya mechi yetu ya kwanza. Binamu yangu, aliyejifunza mchezo kwangu, alikuwa amewafundisha wasichana wa Masasi, wakaja na lori la mtu wa korosho. Watu walijaa, wengine kuja kucheka tu. Tukaanza kufungwa. Mwanaidi akapata mpira peke yake mbele ya goli, akasita, akanyang'anywa. Nikapiga kelele: "Sikuzani, umelala?"

Watu wote waligeuka kumtazama, mwanangu. Bibi yake alikuwepo. Mchumba wake alikuwepo, na mama wa mchumba. Yule binti hakulia. Alikwenda pembeni, akachukua kanga yake, akajifunga, akaondoka. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka akabaki golikipa, naye akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Nilijidanganya kwamba watarudi. Siku tatu nilisimama peke yangu na mpira wangu wa matambara. Ya nne nikaenda kwa Bibi Tatu, kungwi aliyemfunda Mwanaidi unyagoni. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti." Akapepeta mpaka akamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Ulilijua jina lake au hukulijua?"

"Nililijua, bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa mdomo? Mdomo ndio uliokosa, leo tuutume huohuo kutengeneza?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Sikiliza, mwanangu. Wewe umetuletea kitu kizuri. Nimekiona, nimekipenda, miguu tu ndiyo inanikatalia. Lakini unataka watoto wetu wauheshimu mchezo wako, na wewe wao wenyewe huwaheshimu. Heshima si utumwa. Chukua ndoo, uitekee nyumba ya mama yake Mwanaidi maji siku saba. Usiseme neno."

Siku ya kwanza nilishuka nikijiona mpumbavu. Nilipopanda, shingo ilikuwa inatetemeka, na nusu ya maji imeishia mgongoni. Mama yake Mwanaidi aliyamimina mtungini bila kunitazama. Siku ya pili nilikaa kwenye foleni tangu jua linachomoza mpaka limepanda. Nikawaona wasichana wangu, mmoja hapa, mwingine pale, wamejikunja kando ya ndoo zao. Nikakumbuka kila niliyemzungusha uwanja mara kumi baada ya mteremko huu, nikaona haya. Nililia pale foleni, na wanawake wakajifanya hawaoni.

Siku ya tano nilikuwa nahangaika kujitwika peke yangu, nikahisi mikono inashika ndoo kwa nyuma.

"Kata yako imelegea," alisema Mwanaidi. "Ndiyo maana unalowa." Akaitoa kichwani mwangu, akaikaza upya, akanitwika.

Bibi alikuwa ameniambia nisiseme neno. Nilishindwa. Nilisema, "Ahsante, Mwanaidi."

Akainama akaichukua ndoo yake. Kisha akaitika, "Abee."

Mwanangu, nimeshangiliwa mara nyingi tangu siku ile. Sijasikia neno tamu kama lile.

Nilizimaliza siku saba, na ya nane nikashuka tena, sasa nikiteka ya nyumbani kwetu. Nilichukua mpira. Pale bondeni ndoo ndizo zinazopanga foleni, mwenyewe anaweza kukaa pembeni saa mbili nzima, na juu kidogo ya kisima palikuwa na tambarare. Mwanaidi na wenzake wakaja, tukachora duara. Akina mama waliokuwa wakisubiri zamu yao wakawa watazamaji, na haikupita wiki wakawa waamuzi. "Hatua nne hizo, mwisho tatu, mwanangu, rudisha mpira," ungewasikia. Hakuna aliyechelewa tena mazoezini, kwa kuwa mazoezi yalikuwa yamewafuata walipo. Wengi wa wale wasichana wamefundisha wengine, Masasi, Lukuledi, mpaka nisikokujua. Wachache sana wamewahi kulisikia jina la Rosa. Mimi husikia mpira ukigonga mwanzi, inanitosha.

Nasaha yangu basi ni hii. Ukienda kwa watu na kitu chako kizuri, usiwatake waache ya kwao ndipo wapokee la kwako. Jua wanachobeba kichwani, nawe ukibebe, shingo ikuume. Jifunze majina yao kama wanavyotaka kuitwa, uyaandike upya daftarini kila yanapobadilika. Na ukikosa, maana utakosa, usiharakishe kusema samahani, tafuta ndoo.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie ulimi, akukazie shingo, na kila nchi utakayoingia akupe japo mtu mmoja ambaye ukimwita ataitika.