Kompyuta ya Kubebwa Mkononi

Nilikuwa sekretere katika shule moja ya misheni hapa Kasongo, na mashini yangu ya kuandika ilikuwa nzima. Haikutaka umeme. Ilitaka utepe na vidole vyangu, basi.

Siku moja mfadhili wa shule, mgeni kutoka mbali, alishusha kwenye gari sanduku lenye uzito wa cherehani. Akalifungua mbele ya wanafunzi waliopangwa mistari. Ndani mlikuwa na kioo kidogo cha upana wa kiganja, na kifuniko cha sanduku kilikuwa kibao cha herufi. "Hii ni kompyuta ya kubeba mkononi," alisema. Tukapiga makofi. Kulifikisha ofisini, mimi na mwalimu wa hesabu tulipokezana mara tatu, tukihema.

Juma lile lile prefe, mkuu wetu, aliitoa mashini yangu kwa shule ya Kabambare. "Mama sekretere, sasa uko na kompyuta," alisema.

Tuliiwasha kwa jenereta ya parokia. Asubuhi nzima niliandika matokeo ya darasa la sita, herufi za kijani zikiniumiza macho. Jenereta ikazima, yote yakapotea, maana disketi yake ya kuhifadhia kazi, moja tu, ilikuwa imeota ukungu. Buletini, karatasi za matokeo za shule nzima, nikaziandika kwa mkono, siku nne, mpaka kidole kikavimba.

Fundi wa redio sokoni alipoiona, alicheka. "Mama, hii ilikufa kwao zamani. Watu walikataa kuinunua, wenye kuitengeneza wakaiacha. Disketi zake hautazipata tena."

Kumbe waliitupa kwao, wakaitupia kwetu!

Mgeni aliporudi kupiga picha, tuliketi naye mezani ofisini, mimi na prefe, akaniuliza, "Nani ameiharibu?"

"Hakuna mutu aliiharibu. Ulituletea kitu chenye kilishakufa."

"Lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa."

"Kukosa? Mimi nilikuwa na mashini yangu!"

Prefe akanikanyaga mguu chini ya meza, akanisogezea barua ya shukrani nitie sahihi. Nikairudisha kwake. "Mimi sitoi asante kwa takataka," nilisema, nikatoka.

Muhula uliofuata nilitolewa ofisini, nikapelekwa kufundisha darasa la kwanza. Picha ilipigwa bila mimi: prefe na mgeni wameshika sanduku, kila mmoja upande wake, wanacheka. Imetundikwa ofisini mpaka leo, na kila nikiiona damu hunichemka.