Mzee Aliyeketi Kando ya Mbabula

Saa ya kupika ikifika, mzee Muyisa huja akakaa. Tamar akishawasha makaa kwenye mbabula, lile jiko lake la bati nyuma ya nyumba pale Beu, mtaa wa mji wa Beni, na maji ya bugali yakianza kuchemka, akiinua macho humkuta mzee yuko juu ya kigoda, kofia ya sufu kichwani, mikono juu ya magoti, anaitazama sufuria. Haombi kitu wala hasemi kitu. Ni mchana kweupe, majirani wanafua, redio inapiga kelele upande wa pili wa ukuta, na marehemu ameketi pale kama mtu anayengoja sahani yake.

Alikuwa baba mkwe wake. Alifia Butembo, na ukoo mzima ulisema ameuawa na chakula cha Tamar.

Tamar alikuwa mke wa Kambere, mwana wa kwanza wa mzee. Kambere alikufa lori la viazi lilipopinduka njia ya Lubero, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Ornella. Tamar akabaki kwa baba mkwe, akimpikia na kumfulia, wala hakuna aliyemsikia akilalamika. Mzee naye alimpenda kwa namna yake ya kununa. Alikuwa amesukuma chukudu maisha yake yote, baiskeli ile ya mbao inayobeba mizigo ya watu, na uzeeni goti lake likamlipa kwa kuvimba. Asubuhi, kabla hata Tamar hajafagia uwanja, mzee alikuwa amekwisha kumeza vidonge vyake vya goti kwa kahawa tupu na kushika njia ya shamba. Chakula kilikuwa cha saa sita.

Siku moja alirudi, akala maharage na bugali, akashika tumbo. Jua halijazama akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Kesho yake walikuwa wanamchimbia kaburi.

"Karuho," watu wakasema. Karuho ni sumu ambayo kila mtu amesimuliwa na hakuna aliyewahi kuishika mkononi. Husemwa hufichwa chini ya ukucha, ikadondoshwa chakulani na mwenye kupakua. Kwa hiyo wakazitazama kucha za Tamar. Aliyetamka neno hilo wa kwanza, mbele ya jeneza, alikuwa Mbusa, mdogo wake Kambere, mtoto aliyempenda baba yake kuliko wote. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba baba alipakuliwa na mkono mmoja na mkono huo unajulikana. Tamar akaondoka Butembo na Ornella mgongoni na godoro kichwani.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba hakuwa na hakika ya kukana. Watu wakikuambia neno hilo hilo kwa pamoja, nawe una msiba, unaanza kujihoji. Je, maharage yale yaliwekwa karibu na dawa ya wadudu? Je, alinawa mikono? Pale Beni akaanza kuuza makala, mkaa wa kupikia, kwa sababu makala hailiwi. Nusu ya sufuria za mtaa zilichemka kwa moto wake, lakini hakuna jirani aliyewahi kuonja mchuzi wake. Hata mwanawe hakumpa sahani bila kuonja yeye kwanza. Na mzee akawa anakuja, anakaa, anatazama. Tamar hakumwambia mtu. Ungewaambia nini?

Ornella akakua, akapata mchumba, Malachie, kijana wa kuendesha pikipiki, mwenye heshima na ukoo mkubwa hapo Beni. Ikaja habari ya mahari. Mbuzi wa mahari hupokelewa na upande wa baba, na upande wa baba sasa ulikuwa ni Mbusa. Ornella ana kichwa kigumu. Alisema baba mdogo atakuja, mahari itapokelewa nyumbani kwa mama yake, na chakula kitapikwa na mama yake. La sivyo haolewi.

Kwetu, mwenye kupakua huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo mkubwa wa familia hula, ndipo wengine hunyoosha mikono. Mkubwa asipokula, wageni huweka vijiko chini na kuulizana kwa macho. Beni hakuna aliyejua kilichosemwa Butembo. Mbusa asingehitaji kufungua kinywa ili wajue; ingetosha akifunge.

Alifika siku chache kabla ya wageni, amenyooka kama ubao. Alikuwa ameteleza akishusha magunia ya viazi, na mgongo ulikuwa umemkamata. Chini ya kwapa alibeba bido, kidumu cha maji. Yaani mtu alibeba maji kutoka Butembo kuja Beni, kana kwamba mito yetu imekauka. Tamar aliiona ile bido, akaelewa yote kabla hawajasalimiana.

"Karibu, shemeji. Nikuletee chai?"

"Wasingya, asante, Mama Ornella, usisumbuke. Niko mu maombi. Nimefunga."

"Mpaka siku gani?"

"Mpaka wageni baende."

Tamar akaweka chini kikombe alichokuwa ameshika. "Kumbe siku ya wageni hautakula nabo?"

"Nitabasemesha tu. Kufunga ni kufunga."

Mbusa alikuwa mwogopa Mungu. Maombi alikuwa ameyatumia kama mlango wa kutorokea, lakini akishalitaja jina la Mungu hakuthubutu kudanganya, basi alifunga kweli, hata ndizi hakugusa. Maji yake tu, na vidonge. Vidonge si chakula. Alikuwa navyo kwenye vifuko viwili vya nailoni vilivyofungwa kwa fundo, bila karatasi wala jina, kama vinavyouzwa sokoni. Ornella alipomuuliza, alimweleza kama mtaalamu: ya rouge, vile vyekundu, ni ya mugongo, ya jaune, vile vya njano, ni ya kushusha uvimbe, kwa hiyo mtu humeza zote mbili ili apone mbio. Asubuhi rouge na jaune, mchana tena, jioni tena. Mgongo ulikuwa unatulia, akawa anamshukuru Mungu.

Tamar aliendelea kupika kwa ajili yake mwenyewe na Ornella. Mzee Muyisa akawa anakuja mapema kuliko kawaida.

Ijumaa mchana, mahari ikiwa kesho yake, Mbusa alitoka nje kunawa uso. Akashika ukuta. Akainama, akatapika uwanjani, na kilichotoka kilikuwa cheusi kama machicha ya kahawa.

Tamar alijua rangi ile. Aliiona mbabula, akaona kigoda, akaona mzee yuko pale. Lakini kwa mara ya kwanza mzee hakuitazama sufuria. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Majirani wakajaa uwanjani kabla hajapata pumzi. Agar, jirani wa ukuta mmoja, aliinusa hewa kama mbwa wa polisi. "Huyu papa alikula nini hapa?"

"Hapana kitu," Tamar akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mutu hatapikake nyeusi bule. Ni karuho hii."

Neno lilikuwa limemfuata mpaka Beni. Tamar aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Aliifikiria njia ya Kamango na mpaka wa Uganda, akafikiria kwamba sasa hana nguvu tena za kubeba godoro kichwani. Kisha akamwona Ornella amesimama mlangoni, mikono mdomoni, na hofu yake ikageuka ukali.

"Malachie, washa moto yako," akamwambia mchumba, aliyekuwa amefika na pikipiki yake. "Tunamupeleka kwa muganga. Miye nitapanda nyuma, nitamushika."

Wakampakia Mbusa katikati. Njia nzima kichwa chake kililala begani mwa mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemfukuza Butembo, na Tamar alimshika kifua kwa mikono ile ile yenye kucha. Agar na wenzake wakafuata kwa miguu, maana habari kama ile haisubiri kuletewa nyumbani.

Kwenye kituo cha afya walimkuta muuguzi aitwaye Sagesse, mwanamke mnene, mwepesi wa mikono. Alimlaza Mbusa, akamtundikia maji, akamwita mwenzake atafute gari la kwenda hospitali kubwa. Kisha akauliza maswali, na mlangoni wale majirani walinyoosha shingo.

"Na choo, papa? Iko rangi gani?"

Mbusa aliona haya. "Nyeusi. Tangu jana. Sawa goudron, ile lami ya barabara."

"Ulikula nini?"

"Hapana kitu. Niko nafunga tangu nifike kwa huyu mama. Hata maji ni yangu, nilitoka nayo Butembo."

Agar akarudi hatua moja nyuma. Sumu gani huingia kwa mtu asiyekula wala kunywa cha mtu? Tamar alilisikia lile jibu mpaka kwenye mifupa.

"Na dawa?" Sagesse akauliza.

Mbusa akatoa vifuko viwili mfukoni. Sagesse akavifungua, akamwaga vidonge kiganjani, vyekundu na vya njano.

"Hii ya rouge ni ibuprofène. Hii ya jaune ni diclofénac. Hazina kazi mbili tofauti, papa. Ni ya famille moja, hazimezwake pamoja. Mutu akiumwa mugongo anakamata moja tu, kidogo, siku kidogo, na anakula kwanza. Weye umetia zote mbili mu tumbo bule, bila chakula. Zimekutoboa kidonda mu estomac. Ile nyeusi ni damu yako mwenyewe."

"Zinauzwaka sokoni," Mbusa akasema.

"Zinauzwaka, na zinasaidiaka, lakini si kwa kila mutu. Mwenye alishaumwa kidonda ya tumbo, ao figo, ao tension ya damu, ao mutu muzee, asizimeze bila kuuliza. Na ukiona ile nyeusi, hapana kungojea kesho, ni hospitali mbio. Wengi banangojea, banasema ni karuho, banatafuta mwenye kuroga, na mutu anakufa."

Macho ya Mbusa yalikuwa juu ya kile kiganja.

"Papa yangu alimezaka hizi," akasema. "Rouge na jaune, juu ya goti. Na kahawa, mbele ya kwenda shamba. Ni miye nilikuwa namuletea. Kila mara nikitoka soko."

Tamar alitoka nje. Labda ungedhani alishangilia. Hakushangilia. Alisimama kando ya ukuta, akalia kwa hasira, akatamani kurudi ndani ampige mgonjwa kofi akiwa na sindano mkononi. Miaka yake ya ujana ilikuwa imekwenda hivyo, akitazama kucha zake, kwa sababu ya vidonge alivyoviona kila asubuhi vikipita mbele ya fagio lake. Laiti mtu angemwambia mzee ale kwanza. Laiti angempikia uji alfajiri. Hilo nalo lilimchoma, ingawa hakuna aliyemdai.

Hospitali kubwa ilimwongezea Mbusa damu na kumtibu kidonda. Vile vidonge akakatazwa. Kwa mgongo walimpa paracétamol na kumwambia apumzike, atembee kidogo, aweke kitambaa cha moto, na mgongo ukapona polepole kama migongo mingi inavyopona. Mahari ikasogezwa mbele. Agar alizunguka mtaa mzima akieleza mambo ya tumbo bule, kwa bidii ile ile ambayo angeeleza karuho.

Siku zote hizo kigoda kilikuwa kitupu. Tamar aliwasha makaa, akachemsha maji, akainua macho, hakuona mtu. Alikuwa amezoea kumwogopa mzee hata sasa uwanja ukamtia upweke. Alikiacha kigoda mahali pake, na hakuruhusu mtu akikalie.

Wageni wakaja. Mbuzi walifungwa penye uzio, maneno ya heshima yakasemwa na kujibiwa, kisha Tamar akaleta chakula: bugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku, na maharage. Mbusa alikuwa amekonda, suti inamning'inia. Tamar akapiga magoti mbele yake na sahani, akachukua kijiko aonje kwanza, kama inavyotakiwa.

Mbusa akamshika mkono.

"Hapana, Mama Ornella. Wacha."

Wageni wote waliona. Akauchukua ule mkono uliosingiziwa, akakitoa kijiko, akakitia mwenyewe kwenye maharage, akala. Akala tena. Ndipo mikono mingine ikanyooka, vicheko vikaanza, na Ornella akajifuta macho na kitambaa cha kichwa. Tamar alibaki amepiga magoti.

Mbusa alikuwa ameinua tonge la tatu au la nne alipoacha kutafuna. Alikuwa anatazama juu ya bega la Tamar, kule nyuma, kwenye mbabula.

"Mama Ornella," akanong'ona, "ule muzee mwenye kofia... anakujaka siku zote?"

Tamar aligeuka. Kwa macho yake yeye kigoda kilikuwa kitupu. Akatambua kwamba kwake kitakuwa kitupu siku zote, na hakumwonea Mbusa furaha mbaya aliyodhani ataiona siku kama hii. Alimwonea huruma.

"Anakujaka saa ya chakula," akamwambia, akimsogezea sahani. "Hana maneno, anaangaliaka tu. Kula, shemeji. Usikae na tumbo bule."