Mbwa Aliyetiwa Pilipili

Kuna watu ambao hata leo nikiwapa mkono natamani kunawa. Wa kwanza wao ni mwenye duka la simenti hapa Butembo, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kuheshimiwa, ambaye nilimpa mbwa.

Mbwa huyo nilimkuta nyuma ya rundo la mbao, karibu na kibaraza ninaposhonea nguo. Alikuwa mbwa wa kuchunga ng'ombe, wa kule milimani. Ng'ombe walikuwa wameporwa, wachungaji wametawanyika, naye akateremka mjini mbavu zikihesabika. Hakubweka. Ukimtazama anatetemeka, ukimpa mgongo anakula. Lakini kuku wa majirani aliwazunguka taratibu mpaka wakajikusanya kwenye kona, kisha akajilaza mbele yao kimya. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Mwenye parseli, yaani kiwanja ninakopanga chumba, hakumpenda hata kidogo.

"Mbwa ao wewe," aliniambia. "Mumoja atoke."

Ndipo nikaanza kumtafutia nyumba, nyumba ya kukaa mpaka azeeke.

Mwenye simenti alimpokea kwa furaha. Ua wake ni mkubwa, alisema, na watoto wake wanapenda wanyama. Jumapili moja, baada ya misa, nikapita kuwasalimia. Mbwa simwoni. Nikasikia kitu kinakwaruza ndani ya pipa la bati lililolazwa nyuma ya jiko, mdomo wake umezibwa kwa ubao. Juu ya pipa palikuwa na kijiko. Nikausogeza ubao. Macho ya mbwa yalikuwa yamevimba, mekundu, pua inachuruzika, na alikuwa amelalia mavi yake mwenyewe.

"Mama, hapana sikitika," mwenye simenti alisema, akitabasamu. "Iko na haya sana, ile mbwa. Tunaitiaka pilipili mu pua, haioni jua, haioni mutu. Lakini mwezi moja tu, itakuwa kali, benye kuiba batahama quartier!"

Eti wezi watahama mtaa. Hakuona aibu yoyote. Wako wengi kwetu wanaoamini hivyo, kwamba giza na pilipili vinatengeneza mlinzi. Mbwa mwoga ukimtia pilipili unapata mbwa mwoga asiyeona, lakini nenda ukawaeleze. Mkewe akaandaa fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mume akafumba macho, akaomba baraka ndefu ya kumshukuru Mungu kwa viumbe vyake vyote, halafu akachota pilipili ya mezani kwa kijiko kile kile nilichokuwa nimekiona juu ya pipa. Niliinuka bila kuonja kitu, nikamzungushia mbwa kitenge changu na kumbeba. Nyuma yangu walikuwa wanacheka, na mume akapaza sauti:

"Beba buchafu yako!"

Nilimwosha macho mpaka yakafunguka. Mwenye parseli alikuwa bado ananihesabia siku, kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponitajia afisa mmoja wa serikali huko Beni, aliyetumwa kutoka jimbo lingine, nilimpeleka. Huyo angalau hakuwa na pipa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliponipigia simu.

"Madame, mutation imekuya. Miye nakwenda na famille. Kuya ubebe mbwa yako."

Alikuwa amepewa uhamisho wa kazi. Nilipofika walikuwa wameshaondoka. Walikuwa wamebeba viti, friji, mapazia na vyuma vyake, hata balbu za taa walizifungua. Mbwa waliyempokea kwa vifijo walimwacha amefungwa kwenye nguzo ya baraza, juani, bila maji. Nilitema mate mlangoni pao. Sijutii.

Kutoka hapo nilimpeleka Kipese, kule milimani, kwa mjane mwenye kondoo na shamba la maharage, shangazi wa huyo mteja wangu. Mama huyo hakumwita mbwa wala hakumpapasa.

"Hapana muangalia," aliniambia. "Tumuache."

Akamtupia kiazi, akarudi kwenye jembe lake. Tukiwa bado hapo, kondoo wakaanza kuingia kwenye maharage. Mbwa aliinuka mwenyewe. Akapita kwa mbali, tumbo likigusa majani, akawarudisha wote. Nililia, na sikuficha.

Baada ya muda nikapanda tena Kipese na nyama niliyoinunua kwa ajili yake. Alikuwa amenenepa. Aliponiona tu alijikojolea, akatambaa kinyumenyume akajificha katikati ya kondoo. Nikamwita kwa sauti niliyozoea kumwitia. Akazidi kujikunyata.

Yule mama akaipokea nyama kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinande.

"Wasingya, Mama. Lakini hapana rudia tena huku. Akikuona, anawaza umekuya kumubeba."

Machoni pa mbwa nilikuwa mmoja wao: mwenye simenti, afisa, na mimi. Na kila mara, aliyekuja kumhamisha alikuwa ni mimi. Niliteremka mpaka barabarani bila kugeuka, na Kipese sijaenda tena.