Buru Bila Maiti

Levis wa banda la video pale Rangwe alikuwa mtu wa haya. Akisalimiwa sokoni alijibu akiangalia viatu vyake. Lakini akishaingia nyuma ya pazia na kushika maiki, sauti yake ilifika barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watazamaji filamu za Kizungu kwa Kiswahili na Dholuo. Shule aliiachia darasa la saba, kwa hiyo Kiingereza alikishika kidogo tu. Mengine aliyasoma kwenye nyuso za waigizaji, na mara nyingi alipatia.

Jumamosi moja mchana Austine, kiongozi wa mashabiki wa timu ya Rangwe, alimletea filamu kwenye flashi.

"Mzee Levis, leo utuchangamshe. Kesho tunaenda Kisegi, na safari hii hatuendi kupigwa mawe mikono mitupu. Kila mtu na rungu lake."

Levis alishtuka. Binti yake Dolphine aliolewa Kisegi, na kibanda chake cha omena, dagaa wa ziwani, kilikuwa kando ya uwanja huohuo. Mechi iliyopita mabati yaling'olewa, naye akajificha chini ya meza, mtoto mgongoni. Levis alitaka kusema. Badala yake akaangalia viatu vyake. Akachukua flashi.

Banda lilijaa pomoni. Filamu ikaanza, na Levis akasahau hata kumeza mate. Wanaume labda mia tano walikuwa wanateremka barabara ya mji wa mawe, wengine vifua wazi kwenye baridi, wakiimba kwa sauti moja na kupunga vitambaa. Maduka yalifungwa walipopita. Polisi wenye farasi walisogea kando. Levis hakuwahi kuona watu wengi hivyo wenye roho moja. Alijua jambo moja tu linalokusanya wanaume namna ile.

"Watu wangu," akasema taratibu, "hawa wamefiwa. Mzee wao mkubwa amelala. Wanapeleka buru."

Wengi mle bandani walishakimbia na ng'ombe na matawi siku ya tero buru, kukifukuza kifo kitoke bomani kwa marehemu kiende mbali. Kundi la pili lilipotokea ng'ambo ya daraja, Levis akasema hao ndio upande wa kifo. Chupa zikaruka. Kijana mmoja akaanguka, akakanyagwa.

"Kifo kimekataa kuondoka," Levis akanong'ona.

Austine akacheka. Yeye alifika kidato cha tatu. "Jaduong', mzee wangu, umepotea. Hao ni mashabiki wa mpira tu."

Levis akatoa kichwa nje ya pazia, maiki bado mkononi. "Na maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti."

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna. Ni timu mbili zinacheza."

Levis akaigeukia skrini. "Basi wote hawa wanapeleka buru," akasema, na spika zikayapaza maneno hayo bila yeye kukusudia, "na hakuna aliyekufa. Wanampelekea nani?"

Kumpelekea buru mtu aliye hai ni kukiita kifo kije kumchukua. Kwenye skrini, yule kijana aliyekanyagwa hakuinuka.

Mama Phelesia, muuza uji aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama Austine. "Na nyinyi kesho, nyathina, mwanangu, mnampelekea nani? Mimi? Mama yako?"

"Mama, sisi tunaenda mpira."

"Siku hizi mpira unachezwa kwa rungu?"

Wachache wakacheka. Austine aliwaangalia vijana wake mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani kati yao hatainuka kesho.

"Mzee, zima," akasema. Kisha akawageukia wenzake: "Marungu yabaki. Atakayebeba hapandi pikipiki yangu."

Jumapili jioni Dolphine alipiga simu. Watu wa Rangwe wamefungwa mawili bila, akasema, wamezomewa, wameimba mpaka sauti zikakauka, na omena yake wameimaliza yote.

"Baba, upo?"

Alikuwapo, ila bado aliwaona wale mia tano, wanaume wazima, wakiteremka na wimbo wao kumfanyia matanga mtu ambaye yuko nyumbani kwake anakunywa chai.