Kiti Kinachotazama Ukuta

Duka lile lilikuwa jembamba kama ujia, na aliyeingia kwa haraka angeweza kudhani ni la saa za mkononi, maana kila kilichouzwa mle kilitosha kufichwa kiganjani. Kumbe zilikuwa hedifoni, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, na wala si za kununua huku unatembea. Bei zake zilimfanya mtu atafute pa kukaa. Pa kukaa palikuwepo: kule mwisho kabisa kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto wa bluu, kimegeuzwa kutazama ukuta mtupu.

Mwenye kiti hicho, ingawa mwenyewe alikuwa hakikalii, aliitwa Sikio. Jina alilipata redioni, alikokuwa fundi mitambo tangu ujana wake mpaka siku chumba cha kurekodia kilipofungwa na kila mtu akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai mkononi. Aliyemwokota ni shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, mtu wa maneno mengi na mashati ya maua.

"Njoo dukani, shemeji," alimwambia. "Mimi kuuza najua. Ninachouza ndicho sikijui."

Sikio akaja, na siku ya pili akaja na kiti.

Utaratibu wake haukuwa na mchezo. Mteja hakuonyeshwa boksi wala jina la kampuni. Aliketishwa akiutazama ukuta, ili macho yasijitie kwenye kazi isiyo yao, kisha akaulizwa swali lile lile: "Ni wimbo gani unaujua kiasi kwamba ukikosewa unakasirika?" Huo ndio uliopigwa. Sikio akasimama kando, akibadilisha hedifoni moja baada ya nyingine, na hakuutazama uso wa mtu hata kidogo. Alitazama miguu. Uso, alisema, una adabu zake, unaweza kutabasamu ili kumfurahisha muuzaji. Miguu haina habari na muuzaji.

Dereva wa lori alikuja akitaka besi ya kutikisa mbavu. Akaondoka na hedifoni yenye besi ya upole, kwa sababu injini ilikuwa imeshampa mngurumo wa kumtosha, na miguu yake ilitulia pale tu sauti ya mwimbaji ilipokuja mbele. Muuguzi wa wodi ya watoto alipewa ile ambayo mwimbaji wake husikika kama mtu aliyekaa kando ya kitanda chako. Mzee mmoja mpiga gitaa alipewa ile iliyomwonyesha vidole vikiteleza juu ya nyuzi, na akatoka dukani amesahau fimbo yake.

"Hakuna hedifoni bora," Sikio aliwaambia wote. "Kuna iliyo bora kwako." Shemeji akalipenda neno hilo, akachora kibao na kukitundika nje juu ya mlango: SIKIO ATAKUCHAGULIA.

Lakini kabla hedifoni mpya haijagusa sikio la mteja, ilipita kwanza kwenye masikio yake mwenyewe, na kipimo chake kilikuwa kimoja. Kilikuwa kipande kifupi cha sauti alichokirekodi miaka ile redioni, siku alipokuja fundi cherehani kushona mapazia mazito ya chumba cha kurekodia. Alikuwa msichana mwenye sindano zimechomekwa kwenye ukosi. Sikio alimwomba akate kitambaa mbele ya maikrofoni, ati anajaribu mitambo. Msichana akakata, mkasi ukapita kwenye kitambaa kirefu, kisha akaona mtu mzima ametoa macho kuusikiliza mkasi, akacheka. Kicheko hicho kilikuwa mwisho wa kipande. Msichana huyo alikuwa mkewe sasa.

Nyuma ya mkasi na kicheko kulikuwa na kitu kingine. Siku ile televisheni ya zamani iliachwa imewashwa pembeni ya chumba, na ilikuwa na filimbi yake nyembamba, nyembamba kama uzi, inayotoboa kipande chote toka mwanzo hadi mwisho. Wakati ule Sikio aliichukia. Baadaye akaifanya rafiki: hedifoni mbovu iliificha filimbi ile, hedifoni nzuri iliionyesha, na hedifoni kali mno iliigeuza kuwa msumari.

Mambo yalianza kuharibika kwa hedifoni ya kijivu.

Ilipofika dukani, Sikio aliivaa, akaushika ukingo wa meza. Mkasi ule! Ulikuwa umerudi mzima, na ncha yake inayolia mwishoni, kama siku ile ile. Alikumbuka jinsi hedifoni nyingine zilivyokuwa zimeanza kumchosha siku hizo, zote kama zimefunikwa shuka, akasema kimoyomoyo kwamba viwanda sasa vinalipua kazi. Hii ya kijivu ndiyo kazi. Akampa mhasibu aliyependa taarabu. Akampa kijana wa mazoezi. Akampa mchungaji aliyesikiliza mahubiri ya wenzake. Wote walikaa kitini, wote aliwauliza wimbo wao, lakini mkono wake ulikuwa unaifikia ya kijivu kabla hawajamaliza kujibu, na miguu yao alianza kuitazama kwa haraka, kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Mhasibu akairudisha. Mchungaji naye akairudisha, kwa upole sana.

"Shemeji," mwenye duka aliuliza, "mwaka huu watu wameharibika masikio au ni nini?"

"Hawajaizoea tu. Sauti iliyo wazi inataka mazoea."

"Haya. Wewe ndiye Sikio."

Nyumbani pia kulikuwa na vijimambo. Jioni moja mkewe alipaza sauti toka chumba cha pili, "Jamani, friji inalia mlango uko wazi, na wewe umesimama mbele yake!" Sikio aliufunga mlango, akasema alikuwa na mawazo. Kweli alikuwa na mawazo. Lakini mlio hakuusikia.

Aliyekuja kulipasua jipu ni mwalimu wa kwaya, binti mwembamba mwenye maneno ya haraka, ambaye hata akiongea alikuwa anapiga mapigo kwa kidole. Alikuwa amenunua ya kijivu ili asikilize mazoezi ya kwaya yake na kujua nani anapotea wapi. Alirudi ameishika kwa ncha za vidole.

"Baba, hii inanichoma."

"Inakuchoma wapi, mwalimu? Ni kubwa sikioni?"

"Si sikioni, baba. Kwenye wimbo. Wakiimba neno lenye s, nasikia mafuta kwenye kikaango. Sss! Wasichana wangu hawana mate kiasi hicho."

Sikio aliichukua, akaisafisha, akaivaa, akapiga kipande chake. Mkasi, kicheko. Safi kabisa. "Mbona iko sawa?" akasema. "Hebu isikilize kwa kitu hiki, mwalimu. Hiki ndicho kipimo changu."

Mwalimu akakaa kitini, akautazama ukuta. Mara akakunja uso, na miguu yake ikajivuta chini ya kiti kama miguu ya mtu aliyemwona panya.

"Mama huyu anayecheka ana kicheko kizuri," alisema alipomaliza. "Lakini baba, hiyo filimbi unaivumiliaje?"

Sikio aliinua macho kutoka miguuni. "Filimbi gani?"

"Hiyo ya nyuma. Fiii! Toka mwanzo hadi mwisho. Kama mbu aliyelipwa mshahara."

Mle dukani shemeji alikuwa mlangoni akimchekesha mteja mwingine. Sikio aliivaa tena hedifoni, akafumba macho, akaisaka filimbi yake kila pembe ya chumba kile cha zamani. Aliyaona mapazia. Aliiona hata televisheni mahali ilipokuwa. Filimbi haikuwepo. Na kibaya zaidi, alijaribu kukumbuka ni lini aliisikia mara ya mwisho, asikumbuke. Haikuaga.

Ndipo alipoelewa, na uelewa wenyewe ulimwingia kama maji ya baridi kwenye soksi. Hedifoni nyingine hazikuwa zimefunikwa shuka. Shuka lilikuwa kwake. Ya kijivu ilikuwa kali kuliko zote, kali ya kuumiza, na ndiyo maana yeye aliisikia kuwa ya kawaida. Muda wote huo, kila aliyekaa kitini pale, alikuwa amechaguliwa hedifoni ya masikio ya mtu mwingine. Ya masikio yake yeye.

"Mwalimu," alisema, "niachie hii. Njoo kesho, nitakutafutia yako."

Akabaki anafuta meza iliyokuwa safi. Ndani ya sikio la mtu hapachunguliwi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuiondoa ya kijivu kabatini, aseme kiwanda kimekosea, na kibao kibaki juu ya mlango. Akisema ukweli, je, fundi mitambo asiyesikia ni wa nini? Redio ilishamrudisha nyumbani na kikombe. Duka lingemrudisha na kiti.

Jioni alimkuta mkewe amepiga magoti sakafuni, ametandaza kitambaa cha sare za shule, midomo imebana pini. Akakaa kando yake.

"Kata," akamwambia.

"Nini tena? Unanirekodi?" alisema mkewe kwa pembe ya mdomo.

"Kata tu, fundi."

Akakata. Mkasi ulipita kwa mshindo wake wa chini, krr, krr, kisha mwishoni ukafunga kimya kimya, kama mlango wenye zulia.

"Mwisho wake haulii siku hizi," alisema Sikio.

Mkewe alizitoa pini mdomoni moja moja. Akaufunga mkasi tena hewani, akimtazama. "Unalia," alisema polepole. "Unalia kama kawaida." Kisha, alipoona sura ya mumewe, akauweka chini. "Ni ile ya friji?"

"Ndiyo hiyo."

"Mimi nilidhani unanipuuza, kumbe! Mwezi mzima nimekununia bure." Akacheka, na hicho Sikio alikisikia chote, hakikupungua hata punje. Lakini alipomaliza kucheka alimshika mumewe goti. "Kamwambie mdogo wangu kabla hajaambiwa na wateja. Atapiga kelele. Mwache apige, ndivyo anavyofikiri."

Asubuhi Sikio alimwambia, amesimama, kofia mkononi.

Shemeji alipiga kelele kweli. "Shemeji! Watu wangapi umewavisha msumari? Mchungaji, shemeji! Mchungaji! Na mimi hapa nawaambia wana masikio mabovu!" Akatembea duka lile mpaka mwisho na kurudi, jambo lisilochukua muda. Halafu akapanda ngazi ya kukunja, akakitungua kibao, akakilaza juu ya meza kifudifudi.

Sikio alikiendea kiti chake ili akibebe. Ndipo mwalimu wa kwaya akaingia, kidole tayari kinapiga mapigo.

"Baba, nimekuja mapema, samahani."

Alikuwa ameahidiwa. Sikio akakiweka kiti chini, akavuta pumzi. "Mwalimu, nikwambie jambo. Sauti za juu mimi sizisikii tena. Ile filimbi uliyoniambia, siisikii. Nikikuchagulia kwa masikio yangu nitakuumiza tena. Kwa hiyo leo wewe utasikia, mimi nitauliza."

Binti alimtazama, kidole kikasimama. "Haya, baba. Uliza."

Akampa ya kwanza. "Ukisikia s, ni mafuta au ni mchanga?" Mchanga. Ya pili. "Mwenye sauti ya nne yuko karibu au amesimama nje ya mlango?" Nje ya mlango, maskini, na ndiye mwimbaji mzuri kuliko wote. Akaibadilisha. Ya tatu akaiondolea vifuniko vyake vya mpira vya mbele, akaivisha vya sponji laini, vinavyomeza ukali kidogo. Safari hii hakuuliza. Alitazama miguu, taratibu, kama zamani. Visigino vikashuka. Vidole vikatanuka ndani ya viatu vya wazi. Mwalimu akafumba macho na kuinua mkono wake hewani, kama anayewaambia watu wasubiri.

"Baba," alinong'ona. "Kabla hawajaanza. Wote wanavuta pumzi pamoja. Nimewapigia kelele mwaka mzima kuhusu hiyo pumzi, kumbe wanaivuta!"

Alipoondoka, Sikio alikusanya vifuniko vilivyotapakaa. Nyuma yake alisikia mto wa bluu ukitoa mlio wake wa kukaliwa. Shemeji alikuwa kitini, shati la maua limeelekea ukuta, kibao kimelazwa mapajani.

"Mimi nauza vitu hivi miaka yote," alisema bila kugeuka, "na changu mwenyewe sina. Haya, nichagulie."

Sikio alisimama kidogo, ameshika hedifoni hewani. "Ni wimbo gani unaujua kiasi kwamba ukikosewa unakasirika?"

Shemeji akakohoa, akaangalia mlangoni kuhakikisha hakuna mtu. Akautaja kwa sauti ya chini mno. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto, ule aliokuwa akiimbiwa na dada yake.

"Ukimwambia dada yangu, nakufukuza kazi."

"Tulia, geukia ukuta," alisema Sikio, akamvisha ya kwanza, akainama kuitazama miguu. "Niambie unachosikia."