Plagi Mbili Nyeupe

Mume wangu ni fundi pikipiki. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu hapa Matogoro, na cherehani yangu iko barazani, karibu kiasi kwamba nikisimamisha gurudumu namsikia anavyohema akifungua nati iliyoshika kutu. Miaka yote tumefanya kazi hivyo, kila mmoja na yake. Yeye hakuwahi kuniambia pindo limepinda, na mimi sikuwahi kumwambia neno juu ya injini. Nilidhani huko ndiko kuheshimiana.

Mteja wake wa moyoni alikuwa katekista mmoja wa Mpitimbi, aliyesoma naye shule ya msingi. Pikipiki yake ilikuwa ya zamani sana, ya silinda mbili na kabureta mbili za kuchanganya mafuta na hewa, aliyoachiwa na padri mzee aliyerudi kwao. Hakuna nyingine kama ile niliyowahi kuiona Songea. Alizungukia nayo vigango vyote, masika na kiangazi, na ikisumbua kidogo tu anakuja nayo kwetu. Mimi aliniita shemeji. Akifika asubuhi haondoki kabla hajala ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga, na muda wote wawili hao hucheka mambo ya utotoni ambayo hata leo sijayaelewa vizuri.

Mwaka ule alikuja akilalamika kwamba pikipiki inakohoa kwenye mlima na inatoa moshi upande mmoja. Mume wangu akaipandisha barabara ya milimani, akaizima ghafla ikiwa kwenye mwendo, akaisukuma kurudi. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alisema plagi, ile inayowasha moto ndani ya silinda, ukiitoa wakati huo inakwambia ukweli: ikiwa nyeusi, silinda hiyo inakunywa mafuta mengi, ikiwa nyeupe, inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, nayo inaungua, ikiwa kahawia kama biskuti, iache hivyo hivyo. Alizitoa zote mbili, akaziweka juu ya gunia.

"Ya kushoto nyeusi tii," akamwambia rafiki yake. "Ya kulia nzuri. Kwa hiyo mgonjwa wetu ni kabureta ya kushoto."

Akashughulika nayo asubuhi nzima. Alishusha boya la kabureta, akasafisha matundu, akapunguza mafuta, akaenda mlimani na kurudi, akapunguza tena. Mwisho alipiga magoti nyuma ya pikipiki ikiwa inanguruma, akaweka kiganja kimoja nyuma ya kila bomba la moshi, akafumba macho. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo. Alikuwa anapima pumzi za silinda zile kama mkunga, mpaka zikalingana.

Kisha akatoa tena plagi na kuzileta barazani kwenye mwanga. Sijui kwa nini alizileta kwangu siku ile. Labda kwa furaha tu.

"Tazama," akasema. "Mapacha."

Nikazitazama. Zilikuwa zimefanana kweli. Zilikuwa nyeupe, zote mbili, nyeupe kama chokaa.

"Zimefanana," nikasema, nikarudi kwenye shati nililokuwa nashona.

Ningesema tu neno moja, nyeupe, angeshtuka. Lakini hilo halikunijia. Plagi zilikuwa zake, mimi zangu ni nyuzi. Na kwenye nyuzi nilikuwa nimeshaona dalili. Siku chache kabla nilimtuma dukani uzi mweupe, akaniletea wenye unjano wa maziwa ya mtindi, na nilipomrudisha akaniapia kwamba ndio mweupe. Tukabishana na kucheka. Nilimwona pia akishika skrubu karibu na pua, akipepesa macho jua likiwa kali. Nikasema ni umri.

Katekista aliondoka mchana. Jioni ikaja simu. Alikuwa njiani, kwenye mlima kabla ya kufika kwake. Injini ilipiga kelele kama chuma kinachochanika, gurudumu la nyuma likakaza, akateleza majanini. Mwenyewe alichubuka mkono tu, tunamshukuru Mungu. Pikipiki ndiyo haikuwaka tena.

Mume wangu aliifuata kesho yake, akaifungua palepale uani kwa rafiki yake, walikokuwa wameisukuma usiku. Pistoni moja ilikuwa na tundu, nyingine imeyeyuka kingo na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Alipokuwa anakusanya vipande ndipo alipoona kwa vidole kile ambacho macho hayakumwonyesha: mpira unaounganisha kabureta ya kulia na injini ulikuwa na ufa, hewa ilikuwa inaingia. Kumbe upande aliousema mzima ndio uliokuwa unaungua, na ule wa kushoto ameukausha mafuta mpaka ukafanana na mgonjwa.

Alirudi jioni. Akaziweka plagi zile mkononi mwangu.

"Mama, hizi zina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Zilikuwa nyeupe hata siku ile?"

"Ndiyo. Hata siku ile."

Akakaa kwenye kigoda. "Mimi naziona kahawia," akasema. "Kila kitu nakiona kimekaa kama kwenye chai. Tangu mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Nani anampelekea pikipiki fundi asiyeona?"

Hospitalini waliniambia kwa lugha rahisi kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kioo cha jicho kikichafuka hivyo weupe hugeuka unjano polepole hata mwenyewe asijue. Walimfanyia upasuaji jicho moja, kisha la pili. Siku bandeji ilipotolewa alitazama shuka jeupe la kitanda kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Wauguzi wakadhani ni furaha.

Tulikwenda Mpitimbi pamoja mara alipopata nafuu. Rafiki yake alitupokea vizuri, akatuwekea viti kivulini, mkewe akachinja kuku. Mume wangu akamweleza yote bila kujitetea.

"Ndugu yangu," katekista akasema, "ungeniambia tu huoni. Ningekusomea mimi hizo rangi. Mimi si ninaona?"

Tukala. Hakuna aliyecheka mambo ya shule. Tulitafuta pistoni Makambako, tukaagiza mpaka Dar es Salaam. Za muundo ule hazipatikani tena.

Siku hizi mume wangu anaona vizuri kuliko mimi, na wateja wamerudi, ingawa ni hizi pikipiki za bodaboda zenye plagi moja. Katekista akija mjini kwenye vikao vya parokia hupita hapa nyuma ya bodaboda. Dereva anasimama bila kuzima injini. Tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua na mahindi. Namkaribisha ugali.

"Siku nyingine, shemeji," anasema. "Leo nina haraka."

Mume wangu anabaki amesimama na kitambaa cha grisi mkononi, na mimi narudi kushona.