Chumba cha Mama Mkwe

Mchana mmoja wa mvua, huku Mengo, Buganda, nilimkuta jirani yangu ameinamia laptopu sebuleni, jasho linamtoka. Vyeti vyake vya kuombea kazi vilikuwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa nyumba, ndani ya kompyuta ya chumbani, nyuma ya pazia, na mwisho wa kuvituma ulikuwa saa kumi. Folda ilikataa kufunguka.

Ufundi wa kompyuta nilijifunza mwenyewe, na maneno sizungushi. “Ile ya chumbani imelala tu. Nenda ukaguse kitufe chochote.”

“Ssebo, bwana wangu, mama mkwe anapumzika humo. Kwa desturi ya Buganda mkwe wa kiume hakanyagi alipo yeye.”

“Kazi ikupite kwa sababu ya pazia?” nilifoka.

Jirani alikunja mikono, akatazama pazia la chumba likipanda na kushuka kwa upepo. Mvua ilitwanga mabati taratibu, hata hasira yangu ikaanza kusinzia.

Mara folda ikafunguka, vyeti vyote vikajipanga kwenye kioo.

“Nimegusa,” sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. “Tuma, mkwe wangu. Nilikuwa nangoja huyo mgeni amalize kelele.”

Siku hizi nikiitwa kutengeneza mtandao wa nyumba, nauliza kwanza nani yuko chumba gani. Neno la siri nauliza baadaye.